Tangazo Lisilo na Shahidi

Miongoni mwa maswali ambayo zama zetu zimeyaweka mbele ya dini na falsafa, na ambayo wenye elimu ya dini aghalabu huyapita kwa kuyadhania kuwa ni mambo ya biashara tu, limo hili: je, mtu anayelipa fedha ili sifa za bidhaa yake ziingie katika simu ya mwenziwe asiyemjua, zikamfuata jikoni, shambani na hata kitandani, anamshawishi kwa haki au anamnasa kwa hila, na maneno yanayofika kwa njia hiyo, hata yakiwa ya kweli, yanastahili kuaminiwa? Nimelitafakari swali hili nikiwa hapa Meru, mahali ambapo biashara si jambo geni wala si jambo la aibu, kwani watu wa Igembe na Tigania walifunga miraa kwa majani ya migomba na kuipeleka mbali tangu zamani kabla ya lami kufika Maua, na nimeona kwamba wengi wanaolijibu hulijibu haraka mno. Wapo wasemao kwamba kila tangazo ni uongo, na wapo wasemao kwamba tangazo ni habari tu, mwenye akili na achague. Makundi haya mawili yanakosea mahali pamoja, nayo ni kudhani kwamba shauri lote limo katika ukweli au uongo wa maneno yanayosemwa.

Kusifu bidhaa si dhambi kwa dhati yake. Ukiingia soko la Gakoromone siku yenye watu utasikia sifa kila upande: ndengu hizi zimetoka Tharaka, zimekauka, haziingii mdudu, njahi hizi zaiva upesi, hazili kuni, ndizi hizi zimekatwa leo asubuhi Imenti. Muuzaji huongeza chumvi, na mnunuzi anajua kwamba chumvi imeongezwa, kwa hiyo hasimami pale kama mgeni wa dunia. Huutia mkono wake ndani ya gunia hadi kiwiko, akatoa konzi ya ndengu za chini, akazipuliza vumbi, akatia punje moja kinywani na kuivunja kwa jino ili ajue kama imekauka kweli au imenyunyiziwa maji izidi uzito. Kisha huipindua gorogoro na kukitazama kitako chake, maana ziko zilizogongwa chini zikabonyea ndani, nazo hupunja kiasi katika kila kipimo. Mambo haya yote hutendeka hadharani, mbele ya mama wa meza ya pili ambaye naye ana ndengu zake na masikio yake, na mbele ya wanunuzi wengine wanaongojea zamu. Na aliyedanganya leo, siku ya soko ijayo yuko pale pale, juu ya gunia lile lile, na uso ule ule.

Waislamu wanayo hadithi mashuhuri, iliyopokewa na Imamu Muslim, isemayo kwamba Mtume alipita sokoni akautia mkono wake katika rundo la nafaka, na vidole vyake vikakuta unyevu ndani. Mwenye nafaka aliposema kwamba ni mvua iliyoinyeshea, aliulizwa sababu ya kutoiweka juu ile iliyolowa ili watu waione, ndipo ikatolewa ile hukumu nzito ya kumtenga mdanganyifu na jamaa ya waumini. Msomaji aiangalie vizuri hukumu hiyo. Mtu yule hakukatazwa kuuza nafaka iliyolowa. Alilaumiwa kwa kuiweka mahali ambapo jicho halifiki. Na Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, katika kitabu chake kikubwa cha kuhuisha elimu za dini, alipozungumza juu ya adabu za kuchuma alimtaka muuzaji asiisifu bidhaa kwa sifa isiyokuwamo, asiifiche aibu yake, asifiche lolote katika uzito na kipimo, wala asimfiche mnunuzi bei ya soko ilivyo siku hiyo. Mizani hiyo ni kali kuliko ninavyoweza kumtaka mama muuza ndengu aishike saa zote, lakini inatuonyesha kwamba makatazo yale yote yana shina moja, na shina hilo ni kuficha.

Wazee wa hapa kwetu nao waliijua maana hiyo kwa njia yao. Njuri Ncheke, baraza la wazee wa Kimeru ambalo kikao chake kikuu kiko Nchiru, tangu zamani limekata mashauri ya mashamba na mipaka kwa maneno yaliyotamkwa mbele ya watu na, ikibidi, kwa kiapo, ambacho maana yake ni mtu kuyaweka maisha yake mwenyewe nyuma ya kauli yake. Neno lilihitaji shahidi wa kulisikia na mtu wa kulibeba. Kwa maoni yangu, hizo ndizo nguzo mbili zinazoufanya ushawishi uwe halali: kwamba asemaye husema mahali ambapo wengine wanaweza kumsikia na kumkanusha, na kwamba baada ya kusema anabaki mahali ambapo anaweza kupatikana na kuulizwa.

Sasa tuitazame biashara ya matangazo ya mtandaoni kwa nguzo hizo. Google ilianzishwa mwaka 1998 na Facebook mwaka 2004, na zote mbili zimewapa mabilioni ya watu huduma ambazo watu hao hawazilipii hata senti. Lakini hakuna kazi isiyo na ujira, na ujira wa kazi hii hulipwa na watangazaji, kiasi kwamba karibu mapato yote ya kampuni inayomiliki Facebook hutoka kwao. Mtu anapofungua ukurasa, kabla hajafumba na kufumbua, mnada hupigwa mahali asipopaona, na kinachonadiwa ni nadhari yake. Na mnada huo si kama minada ya mifugo tunayoijua, ambayo mwenye bei kubwa ndiye huondoka na ng'ombe, kwa sababu dalali hapimi fedha peke yake: hupima pia uwezekano wa mtu yule kubonyeza, kununua au kujiandikisha, akitumia kumbukumbu za yale aliyoyasoma, aliyoyatafuta, mahali alipokuwa, na mahali kidole chake kilipotua kwa muda mrefu. Kwa hiyo tangazo linalokufikia limechaguliwa kwa ajili yako, na jirani yako aliyeketi nawe benchi moja kwenye matatu ya Embu hulioni lake wala yeye halioni lako. Sauti iliyokuwa ikipigwa sokoni kwa wote imegeuzwa kuwa mnong'ono katika sikio moja. Sura ya mwisho ya Kurani inamfundisha mwanadamu kujilinda kwa Mola wake na shari ya yule anayenong'ona ndani ya vifua vya watu kisha akarudi nyuma asionekane, na sijaona popote maelezo yanayokaribia zaidi tabia ya kitu hiki. Sisemi kwamba watangazaji ni mashetani, nasema kwamba dini ilikwisha kutambua kuwa maneno yanayokuja kwa faragha na kutoweka yana hatari ambayo maneno ya hadharani hayana.

Mama mmoja wa upande wa Runyenjes, mjane mwenye migomba na kahawa kidogo, aliwahi kunionyesha simu yake aliyonunuliwa na mwanawe. Goti lilikuwa linamsumbua tangu masika, na mjukuu wake alikuwa ameitumia simu ile kutafuta habari za maumivu ya viungo. Tangu siku hiyo kila akifungua picha za harusi za jamaa zake hukutana na mzee mwenye koti jeupe la daktari, mwenye sura ya huruma, akisema kwa Kiswahili kwamba hospitali hazitaki watu waijue dawa hii. Chini ya mzee palikuwa na bei iliyokatwa kwa mstari mwekundu na bei nyingine iliyopungua nusu yake, na chini ya bei palikuwa na saa iliyohesabu kurudi nyuma, dakika na sekunde, pamoja na maneno kwamba chupa zilizobaki ni chache.

"Mwalimu," aliniuliza, na sauti yake haikuwa ya mtu anayesifu maarifa ya dunia, "hawa wamejuaje kwamba goti linaniuma?"

Nilimweleza kadiri nilivyoweza, kisha nikaufunga ukurasa ule na kuufungua tena mbele yake. Saa ilianza upya, dakika zote zikiwa zimerudi, na chupa zilizobaki zilikuwa idadi ile ile. Mama aliitazama kwa muda akasema, "Kumbe hata saa inaweza kusema uongo." Lakini kilichomkaa moyoni, kwa jinsi alivyolirudia, hakikuwa uongo wa saa, kilikuwa lile swali lake la kwanza. Mchuuzi aliyewahi kumuuzia dawa bandia pale stendi alikuwa mwongo tu, hakuwa amekwenda kwanza kuchungulia dirishani mwake.

Nataka kukaa kidogo juu ya jambo hili, kwa sababu wanachuoni wa kale wa Kiislamu walikwisha kuzijadili hila zake zote ingawa hawakuijua simu. Walikataza msafara wa wachuuzi kulakiwa njiani kabla haujafika sokoni, kwa kuwa anayeulaki anaijua bei na mwenye mzigo haijui. Na tangazo linalomfikia mgonjwa kitandani mwake kabla hajamwona mganga wala mfamasia linafanya jambo lile lile upande wa mnunuzi, kumkamata kabla hajafika mahali penye sauti nyingi. Walikataza kuyafunga matiti ya ng'ombe au mbuzi siku kadhaa bila kumkama ili siku ya kuuzwa aonekane ana maziwa tele, na mnunuzi aliyehadaiwa hivyo wakampa hiari ya siku 3 kumrudisha. Sasa iangalie ile hesabu ya watu elfu kadhaa walioipenda picha, na shukrani za waliopona zilizoandikwa na watu ambao hakuna awezaye kuwafikia, uone kama si maziwa yaliyozuiliwa. Walikataza mtu asiye na nia ya kununua kupandisha bei mnadani ili kumtamanisha mwingine, na leo zipo kazi za malipo ambazo kijana wa Nairobi au wa Manila huzifanya kwa kubonyeza tu, asubuhi hadi jioni, akipenda vitu asivyovijua. Katika hila zote hizo hapana hata moja inayomlazimu mtu. Ng'ombe yupo, maziwa yapo, mnunuzi ana macho. Lakini sharia ilisema kwamba ridhaa iliyopatikana kwa njia hiyo ina ila, na naona haki ya kusema hivyo haijapungua.

Hapa ndipo hutokea hoja ambayo watu wengi wema huitoa, na ambayo siidharau: kwamba mtu mzima ana akili na hiari, kwamba tangazo halina mikono, na kwamba aliyejaliwa kidole cha kubonyeza amejaliwa pia kidole cha kupitisha. Hoja hii ingetosha kama akili ingekuwa silaha iliyo tayari saa zote. Akili hufanya kazi kwa masharti: huhitaji muda wa kupima, huhitaji kusikia upande wa pili, na huhitaji kumjua asemaye na analolitaka. Saa ile ya bandia imewekwa kusudi ili kuuondoa muda; mnong'ono wa sikio moja umewekwa ili kuuondoa upande wa pili; na tangazo lililovalishwa mavazi ya habari, au ya ushuhuda wa bibi mmoja mwema, limevalishwa ili kumficha asemaye. Akili ya mama wa Runyenjes haikushindwa katika mapambano, ilizungukwa. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani, aliandika mwaka 1785 kwamba si haki kumtumia mwanadamu kuwa chombo tu cha kumfikishia mwingine makusudi yake, na sioni namna ya kumzunguka mtu katika akili yake ambayo si kumfanya chombo.

Kutokana na hayo kuna kipimo ambacho nimekitumia mwenyewe na sijaona kikikosea sana. Muulize mshawishi kama yuko radhi umweleze mshawishiwa jinsi anavyoshawishiwa. Mama wa Gakoromone yuko radhi. Ukimwambia mnunuzi kwamba muuzaji anazisifu ndengu zake kwa kuwa anataka ziishe kabla ya magharibi, hakuna kitakachoharibika, kwani mnunuzi alilijua hilo alipotoka kwake. Lakini jaribu kuweka chini ya tangazo la goti maneno haya: tumekuletea hili kwa kuwa usiku wa manane ulisoma habari za maumivu, na kwa kuwa tumeona watu wanaofanana nawe hununua wakiogopa. Nani atanunua? Facebook imeweka mahali pa kubonyeza kwa anayetaka kujua kwa nini ameonyeshwa tangazo, na ni insafu kulitaja hilo. Ila jibu linalotolewa aghalabu ni la umri na nchi, na halifiki pale ambapo jambo lenyewe limefanyika.

Nisidhaniwe kwamba naupiga vita mtandao kwa kuwa ni mgeni. Upande wa Manyatta, Embu, namjua kijana mwenye kitalu cha miche ya parachichi aina ya Hass, ambaye hulipa shilingi chache ili picha za miche yake ziwafikie watu wa Embu, Tharaka Nithi na Meru. Ameandika kitalu kilipo, bei ya mche, namba yake ya simu, na amewaalika wateja waje waitazame mizizi kabla hawajatoa pesa. Mche ukikauka kwa kosa lake, mwenye mche anajua njia ya kwenda kwake, na wengi wameijua. Bila ya njia hii kijana huyu angalingoja miaka mingi hadi sifa zake zitembee kwa miguu kutoka Manyatta mpaka Nkubu, na katika muda huo tajiri mwenye mabango barabarani angalimmeza. Tangazo lake linapita katika mnada ule ule na kwa dalali yule yule, nami ninaliamini. Ninaliamini kwa sababu nyuma yake kuna mtu, na mtu huyo amekubali kuonekana.

Maana imani, katika jambo la kibiashara na katika jambo la dini pia, halipewi neno, hupewa mtu. Neno huweza kusadikiwa baada ya kupimwa, lakini kuaminiwa ni daraja nyingine: ni kumwachia mwenzio kitu chako mahali ambapo huwezi kumsimamia, ukitegemea kwamba hatakugeuka, na kwamba akikugeuka atakuwa na mahali pa kujibia. Tukiuliza basi kama matangazo ya mtandaoni yaweza kuaminiwa, tunauliza kwanza kama dalali anayeyapitisha anajibika. Na juu ya dalali huyo na wanaomtumia kuna mambo mawili yaliyothibiti ambayo Mkenya hana budi kuyatia akilini.

La kwanza ni la siasa. Mwezi Machi 2018 televisheni ya Uingereza, Channel 4, ilionyesha mazungumzo yaliyorekodiwa kwa siri ya wakuu wa kampuni ya Cambridge Analytica, ambamo mmoja wao, Mark Turnbull, alijigamba juu ya kazi yao katika chaguzi zetu za mwaka 2013 na 2017, pamoja na uchunguzi mkubwa wa maoni ya Wakenya uliofanywa ili kujua la kuwaambia. Katika mazungumzo hayo hayo alieleza kwamba wanadamu husukumwa na matumaini na hofu, nyingi kati yake zikiwa hata wenyewe hawazitambui, na kwamba kazi yao ilikuwa kuiteremsha ndoo kisimani chini zaidi ya mwingine yeyote ili kuzipata hofu hizo. Akaongeza kwamba haifai kitu kupigania uchaguzi kwa kutaja mambo ya hakika, kwa kuwa yote ni hisia. Wapo wanaosema kwamba watu hawa walijisifu kuliko uwezo wao, na huenda ni kweli, kwani muuza matangazo naye huongeza chumvi. Lakini nia ilikwisha kutamkwa, na katika maadili nia ni nusu ya tendo. Nchi hii inayajua matunda ya hofu zilizochotwa kisimani. Mwaka 2008, katika ghasia za baada ya uchaguzi, tuliyaona, na hata huku kwetu tulipokea waliokimbia.

La pili ni la fedha. Mwezi Novemba 2025 shirika la habari la Reuters lilitangaza yaliyomo katika nyaraka za ndani za Meta, kampuni inayomiliki Facebook, zilizokadiria kwamba kiasi cha asilimia 10 ya mapato yake ya mwaka 2024, yaani dola bilioni 16 hivi, yangetokana na matangazo ya ulaghai na ya bidhaa zilizopigwa marufuku. Kampuni ilijibu kwamba kadirio lile lilikuwa la juujuu na limekusanya mengi yasiyostahili, na jibu lake naliweka hapa kwa haki. Lakini katika nyaraka hizo kuna jambo ambalo limenishughulisha kuliko hesabu ya mabilioni: kwamba mtangazaji alifungiwa mlango pale tu mitambo ilipokuwa na yakini ya asilimia 95 au zaidi kwamba ni tapeli, na aliyeshukiwa chini ya hapo alitozwa bei ya juu zaidi, kwa hoja kwamba bei hiyo ingemkatisha tamaa. Dalali anamshuku mteja wake kuwa mwizi; anamwacha apite kwenda nyumbani kwa mama mwenye goti; na kwa ajili ya shaka yake anachukua ujira mkubwa zaidi. Naomba kila mwalimu wa dini katika Meru na Embu, awe padri, mchungaji au imamu, alitie jambo hili katika mafunzo yake juu ya ushirika katika dhambi, kwa sababu sijui mfano ulio bayana zaidi wa faida inayochumwa kutokana na kutojua kwa hiari.

Sheria haikulala. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 46, imeliagiza Bunge litunge sheria ya kuwalinda watumiaji na ya kuhakikisha kwamba matangazo yanakuwa ya haki, ya kweli na yenye adabu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 imekataza habari za mtu kutumiwa kwa biashara bila idhini yake ya wazi, na mwezi Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza klabu moja ya Nairobi shilingi milioni 1.85 kwa kuitangaza picha ya mteja bila ridhaa yake. Na mwezi Aprili 2025 bodi ya kamari ilisimamisha kwa siku 30 matangazo yote ya kamari, baada ya kuonekana wazi jinsi yalivyowala vijana, nao wanajulikana katika kila stendi ya bodaboda kuanzia Makutano hadi Kiritiri. Haya yote nayashukuru. Ila sheria huja nyuma ya tendo, nayo huweza kulishika lile lililoonwa na wengi. Kuhusu lile lililosemwa kwa sikio moja na kutoweka, hakimu atamwita shahidi gani?

Lakini kabla hatujalinyooshea kidole Bunge au kampuni za California, iko nyumba nyingine ya kuangaliwa, na kwa nyumba hiyo nasema kwa uchungu. Makanisa mengi ya miji yetu, na baadhi ya waganga wanaojiita masheikh, nao wamekuwa wateja wa mnada ule. Hulipa ili mkutano wa maombi uonekane kwa walio na maradhi, ili ushuhuda wa aliyetupa magongo uonekane kwa aliye na magongo, na chini ya ushuhuda huweka namba ya kutumia sadaka, wakati mwingine pamoja na tarehe ya mwisho wa baraka, ambayo haina tofauti yoyote na ile saa ya dawa ya goti. Agostino, Mwafrika aliyezaliwa mwaka 354 katika nchi iitwayo leo Algeria, alikuwa mwalimu wa ufasaha mjini Milan, akilipwa vizuri kwa kuwafundisha vijana kushinda kwa maneno. Mwaka 386, moyo wake ulipogeuka, alikiacha kiti hicho kwa sababu aliona kwamba amekuwa muuzaji wa ulimi katika soko la maneno, na baadaye, akiwa mtu wa Kanisa, aliandika kitabu kizima juu ya kusema uongo, ambamo alikataa uongo hata ule unaosemwa kwa nia ya kuwavuta watu kwenye imani. Yeye alitoka sokoni akaenda madhabahuni. Njia hiyo hiyo ina watu leo wanaoishuka kwa upande wa pili.

Kwa hiyo ombi langu kwa wazee wa kanisa na wa msikiti ni dogo, nalo halingoji sheria. Tangazo lolote lililolipiwa kwa jina la Mungu na lisomwe kwa sauti Jumapili au Ijumaa mbele ya jamaa yote, pamoja na kiasi kilicholipwa, fungu la fedha lilikotoka, na watu waliochaguliwa kuonyeshwa. Katibu asimame aseme: tumelipa shilingi kadhaa, tumechagua wanawake wenye umri wa miaka 50 na zaidi, waishio Embu na Meru, wanaofuatilia habari za uponyaji, na tumewaandikia maneno haya. Akiweza kuyasoma hayo yote hali yule mama wa Runyenjes ameketi safu ya mbele, na asinyamazishwe na macho yake, basi na alipie tangazo lake.